Watu wa Mpanda, Ufukwe Tunao: Vidokezo 14 vya Likizo ya Familia Ziwa Tanganyika

Shule zikikaribia kufungwa, maongezi ya Mpanda hugeuka. Kuanzia Makanyagio hadi Kawajense utamsikia mtu anapiga hesabu ya Zanzibar: basi mpaka Dar, boti, hoteli, watoto wanne, na hapo bado hujanunua hata dafu moja. Hesabu inagoma, familia inabaki nyumbani kuangalia katuni. Na ziwa liko pale pale. Shika barabara ya Kagwira kupita Ikola hadi Karema, kilomita 112, na mwisho wake utakutana na maji yenye urefu wa karibu kilomita 670, mchanga, mawimbi, na samaki ambao wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani. Chumvi hakuna, papa hakuna, na macho hayawashi mtoto akizamisha kichwa.

Sina ugomvi na Zanzibar. Ila anayekwenda Tanganyika akitarajia kupangiwa siku yake na meneja wa hoteli atarudi amenuna. Huku wanaopanga ratiba ni mwezi, upepo na jua. Ukiwafuata hao watatu, likizo inajiendesha yenyewe.

1. Tazama mwezi wa angani kabla ya kuomba ruhusa kazini

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeshika nafasi, lakini akili ni ile ile: mwanga huvuta vijidudu vya majini, dagaa huvifuata, na migebuka huwafuata dagaa. Kazi hiyo inataka giza. Siku ambazo mwezi haupo au ni mwembamba, kaeni ufukweni baada ya chakula cha usiku mtazame taa zinavyojitokeza juu ya maji, moja, tatu, kumi, halafu safu nzima, mpaka mtoto wa miaka mitano anauliza ule mji wa ng'ambo unaitwaje. Mwezi ukiwa mpevu, taa inashindwa nguvu na mbalamwezi. Wavuvi wengi hupumzika, na mchana wake utawakuta chini ya miti wanashona nyavu na kuziba nyufa za mitumbwi.

Zote ni likizo nzuri, ila si likizo ya aina moja. Wenye watoto wadogo ningewapeleka mwezi mpevu. Watacheza kombolela mchangani bila tochi, nawe utawaona wote bila kuhesabu vichwa kila dakika. Wavuvi nao wana nafasi ya kuongea. Wenye watoto wakubwa waende siku za giza, wawaamshe alfajiri wakashuhudie mitumbwi inaporudi: kina mama na beseni zao wameshajipanga, bei inapanda na kushuka mbele ya macho yao, dagaa wanapimwa kwa ndoo, na jua likianza kuchoma tayari wameshamwagwa kwenye vichanja kukauka. Somo la uchumi la asubuhi moja, bila ada.

2. Uliza kama ziwa limepumzishwa

Hili wengi hawalikumbuki mpaka wafike. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mpango huo ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Congo na Zambia. Angalia hizo tarehe. Likizo ya Juni inaingia humo nzima nzima.

Ziwa likiwa limepumzishwa, ufukwe unakuwa kimya, mitumbwi imepandishwa mchangani, na ile sahani ya mgebuka uliyoiota tangu Mpanda haipo. Bado unaweza kwenda, mbona maji yapo? Ila beba maharage, njegere na dagaa wakavu wa akiba, na mtu akikuita pembeni kukuuzia samaki wa kificho, mshukuru, endelea na safari. Ukinunua ni sawa na kumwambia mwanao kwamba sheria ni za watu wengine.

3. Juni au Desemba?

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Desemba nchi ni ya kijani, maembe yamejaa, lakini barabara inaweza kukushika, kwa hiyo mpigie simu mtu wa Ikola au dereva wa njia hiyo jana yake, si wiki iliyopita. Juni barabara ni kavu, vumbi jingi, na upepo wa kusi unavuma. Usiku baridi ipo. Nimeona watoto wa Dar wanatetemeka ufukweni wakiwa na kaptula na singlendi, mama anashangaa kwamba ziwani nako kuna baridi. Sweta kwa kila mtu, na kilemba au kofia ya vumbi njiani.

Mimi ningechagua Juni.

4. Pesa taslimu, mafuta, dawa

Wakala wa pesa za simu wapo, lakini floti huisha, hasa siku ya mnada. Jaza tangi Mpanda. Kwenye mkoba wa dawa weka chumvi chumvi za kuharisha, panado ya maji ya watoto, bandeji na mafuta ya mbu. Maji ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe. Ziwa kuwa safi kwa macho si sababu ya kulinywa, na mwambao huu kipindupindu si mgeni.

5. Pa kulala: tafuta chandarua kwanza, mandhari baadaye

Ikola na Karema usitafute bwawa la kuogelea lenye baa katikati. Kuna gesti za kawaida, na kama una ndugu, kuna nyumba ya ndugu, ambayo ndiyo hoteli kongwe kuliko zote. Ukifika gesti, kagua vitu vinne kabla ya kutoa pesa: chandarua kisicho na matundu, wavu wa dirishani, choo, na maji ya kuoga yanatoka wapi. Ukikuta vinne vyote viko sawa, godoro likiwa jembamba utavumilia.

Mwenye uwezo zaidi ashuke kusini, mkoa jirani wa Rukwa, wilaya ya Nkasi. Kipili kuna malazi ya ufukweni yenye kayaki na safari za boti, na mbele yake kuna visiwa. Kimojawapo ni Lupita, chenye hoteli ya kifahari kabisa, ile ya kuandikwa kwenye majarida ya Ulaya. Kwa familia nyingi za Mpanda, Lupita ni ya kuitazama kutoka kwenye boti na kuwaambia watoto wasome kwa bidii. Si dhambi. Visiwa vinavyoizunguka unavizunguka kwa bei ya mafuta na posho ya nahodha, na maji ni yale yale.

6. Kuogelea: muulize mama anayefua

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo likizo hugeuka msiba.

Usichague mahali pa kuogelea kwa uzuri wa picha. Tafuta wenyeji wanapooga, kufua na kuchota maji, halafu uliza: "Shikamoo mama, watoto wanaweza kuoga hapa?" Atakujibu kwa kirefu kuliko ulivyotegemea. Atakuonyesha mpaka wa kuishia, atakuambia wiki gani mamba alionekana na upande gani, na kama kiboko hupita hapo usiku. Mamba na viboko wa ziwani hupenda midomo ya mito na penye matete. Kwa hiyo matete ni mwiko, mdomo wa mto ni mwiko, na jua likishazama hakuna anayeingia majini, hata kuosha miguu.

Matete yana ubaya mwingine. Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Mchanga wazi unaopigwa na mawimbi, au mawe safi, ni salama zaidi, ingawa huwezi kusema hatari imekwisha kabisa. Baada ya likizo, mtoto akiumwa tumbo lisiloisha au akitoa damu chooni, mwambieni tabibu kwamba mliogelea ziwani. Maneno hayo humwokolea muda mwingi.

Halafu kuna kina. Ziwa hili lina mita 1,470 sehemu yake ya chini kabisa. Duniani limezidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Sehemu nyingine ufukwe hushuka taratibu, sehemu nyingine unakatika ghafla, mguu mmoja uko kwenye mchanga na wa pili unatafuta mchanga hauuoni. Mtu mzima aingie kwanza, apime, aweke alama kwa kijiti au kwa kusimama mwenyewe kama nguzo. Na zamu ya kulinda watoto ipangwe kwa majina. Wakisema "tunawaangalia wote", jua hakuna anayewaangalia.

Kwenye mawe unaweza kukutana na fira wa majini. Ndiyo, fira anayeogelea, mwenye pete nyeusi shingoni, anayekula samaki. Ana sumu kali lakini si mgomvi, akisikia watu huondoka. Aina yake ya ziwa hili imepewa jina la Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa kituo cha Karema miaka ya 1880. Watoto wafundishwe sheria moja: ukimwona, simama, mwache apite, kisha uje kutuhadithia.

7. Nunua miwani ya kuogelea, hata ya bei rahisi

Kama kuna kitu kimoja cha kununua mjini kabla ya safari, ni hiki. Maji ya Tanganyika ni maangavu, na penye mawe, kwenye maji ya kiunoni tu, kuna samaki wa njano, wa bluu, wenye mistari, ambao matajiri wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwenye vioo sebuleni. Jamii hii ina spishi zaidi ya 200 humu ziwani, karibu wote hawapatikani pengine.

Mwambie mtoto atulie, asipige maji kwa miguu, ashike jiwe na kutazama sehemu moja tu. Baada ya dakika chache samaki humsahau na kurudi kwenye shughuli zao. Anayelinda jiwe lake ataonekana anamfukuza mwenzake mkubwa kuliko yeye. Wapo mama wanaoatamia mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa wakaona hatari hukimbilia humo humo mdomoni. Wapo pia wadogo kama kidole cha mtoto, ambao nyumba yao ni ganda tupu la konokono lililolala mchangani. Ukisogea huingia ndani wote, ukitulia kichwa kinachungulia. Kwa sababu hiyo, makombe mazuri ya kwenye maji yaachwe yalipo. Ya nchi kavu, yaliyotupwa na mawimbi, okoteni mjaze ndoo.

8. Wakiona yavuyavu, wasipige kelele

Tanganyika ina yavuyavu wake wa maji baridi, mwangavu, wa ukubwa wa sarafu. Hawashi. Mtoto amshike kwa kiganja, amtazame anavyofumba na kufumbua, amrudishe.

9. Boti bila jaketi okozi, msipande

Safari ya boti ndiyo watakayoisimulia shuleni, kwa hiyo ifanyike vizuri. Patana na nahodha kuanzia jioni ya jana yake: mnakwenda wapi, mnarudi saa ngapi, mafuta ya nani, na majaketi mangapi. Majaketi yaletwe uyaone, yajaribiwe na watoto pale pale nchi kavu, maana la mtu mzima humchomoka mtoto begani kama kanzu ya kuazima. Asubuhi nahodha akitazama ziwa akasema "leo hapana", usimbembeleze wala kumwongezea pesa. Upepo wa Tanganyika huinua mawimbi ya kutosha kuzamisha chombo kikubwa, na yeye ndiye anayeujua.

Mkiwa majini, wapeni watoto hadithi ya Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar kwa meli nyingine na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya. Vita vya Kwanza vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mashine zake grisi nzito zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wazee wengi wa mwambao huu wameipanda. Mtafuteni mmoja awaambie ilivyokuwa kuteremka usiku katikati ya ziwa, boti ndogo zimeizingira, mbuzi anashushwa kwa kamba na mwenye mbuzi anapiga kelele.

10. Siku moja iwe ya Karema ya zamani

Familia nyingi hufika Karema, huoga, hula, huondoka, bila kujua wamekanyaga wapi.

Mwaka 1879 Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold II walijenga kituo hapa. Mwaka 1885 walikiachia kwa Mapadri Weupe, na ngome ikawa misheni. Wakati kituo kinajengwa maji yalikuwa jirani. Lakini ng'ambo, upande wa Congo, Mto Lukuga ulikuwa umetoboa njia muda mfupi kabla, ziwa likaanza kumwagika kuelekea huko, na mwaka baada ya mwaka ufukwe ukaikimbia ngome. Simameni penye majengo ya misheni mtazame umbali mpaka majini, mtaelewa. Siku hizi ziwa limegeuza tena: miaka ya karibuni maji yamepanda na kumeza nyumba na barabara za kando, kuanzia Bujumbura hadi Kigoma na mwambao wetu. Mwenye kununua kiwanja cha ufukweni asisahau habari hii.

Kwa watoto, hadithi ni ya tembo. Mwaka huo huo wa 1879 tembo wanne wa India walishushwa Msasani, Dar es Salaam, chini ya Kapteni Carter, kujaribu kama wataweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Safari ilikuwa ya kwenda Karema. Fikiria: katikati ya nchi iliyojaa tembo, watu wamevusha bahari wakaleta tembo! Watatu walikufa njiani. Mmoja, aliyeitwa Pulmalla, alifika Karema mwisho wa mwaka, naye hakuishi sana. Mwaka uliofuata Carter aliuawa Mpimbwe, humu humu Katavi, akiwa anarudi pwani.

Na yupo Adrien Atiman. Huyu alizaliwa upande wa Timbuktu, nchi inayoitwa Mali sasa, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari kule Algeria, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, akiwa katekista na daktari, na hakuondoka tena. Alitibu watu wa mwambao huu kwa miaka 67 mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Ulizieni misheni kwa heshima, mtaonyeshwa mengi zaidi ya haya. Mimi naona ajabu kwamba mtoto anaweza kumaliza sekondari Mpanda akajua habari za Livingstone zote, na jina la Atiman hajawahi kulisikia.

Bandari mpya mtaiona, imejengwa kwa ajili ya mizigo ya Kalemie na Congo kwa jumla. Itazameni kwa mbali. Ni eneo la kazi lenye ulinzi, si la kupigia selfi.

11. Kula cha huku

Acheni chipsi mayai Mpanda. Ziwa likiwa wazi, agizeni mgebuka wa kuchoma, akatwe mbavuni, apakwe ndimu na chumvi, basi. Kuhe akipatikana, mpike mchuzi mwepesi. Nyama yake ni laini na tamu, na viungo vingi vinamharibia. Sangala anafaa familia kubwa. Dagaa wabichi wakaangwe kwa mawese mpaka walie wakitafunwa, pamoja na ugali wa muhogo na kisamvu. Mtoto anayesusia samaki nyumbani, mpe dagaa hao mkononi, bila sahani, akiwa ametoka kuogelea. Hatauliza kichwa kinaliwaje.

Ukipika mwenyewe, mnunue samaki asubuhi. Tazama jicho liwe limejaa na kung'aa, shavu la ndani liwe jekundu, ukimbonyeza nyama irudi. Jioni waachie wengine.

12. Jioni msikose kiti

Pwani ya bahari ya Dar, jua huchomoza majini na kuzama nyuma ya maghorofa. Huku kwetu ni kinyume: linazama ziwani, nyuma ya milima ya Congo, na kwa kuwa tuko magharibi kabisa ya nchi, linazama karibu saa moja usiku, zaidi ya nusu saa baada ya Dar. Maana yake ni kwamba mna jioni ndefu. Itumieni: mahindi ya kuchoma, vitendawili, baba anayejisifu kwa bao acheze na kijana wa pale tumwone. Simu zikusanywe kwenye kikapu. Ya mpiga picha mmoja inatosha.

13. Ongezeni siku moja ya viboko

Mnaokwenda Kipili kwa barabara ya Sumbawanga mnapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, yenye kilomita za mraba 4,471, na ambayo watalii wengi wanaojazana Serengeti hawajui hata iko wapi. Sitalike, kama kilomita 35 tu kutoka Mpanda, viboko wa Mto Katuma huonekana karibu na kijiji. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na si cha kufilisi. Kinachopandisha gharama ni gari, kwa hiyo familia mbili zichangie moja.

Kiangazi kikikaza, Agosti hadi Oktoba, mto hukauka kubaki madimbwi, na pale Ikuu viboko hubanana kwenye tope mamia kwa mamia, wakikoromeana na kuumana. Mamba nao hujichimbia mapangoni kwenye kingo wasubiri mvua. Harufu ipo, msidanganyike na picha. Vaeni nguo za kaki au za rangi iliyopauka. Mbung'o wa Katavi hupenda bluu iliyokoza na nyeusi, na atakuuma juu ya shati bila hodi. Mkifika karibu na Ziwa Katavi, mwombeni mwongozaji awaonyeshe mkwaju wa Katabi, mwindaji wa zamani ambaye hifadhi imechukua jina lake. Watu bado hufika pale kutambika. Msichezee mlichokuta kimeachwa chini ya mti.

Sokwe wa Hifadhi ya Mahale ni habari nyingine, safari nyingine na mfuko mwingine. Pia kuna kikomo cha umri wa kuwafuata msituni, kwa hiyo ulizeni kabla hamjawaahidi watoto wadogo.

14. Kurudi: dagaa juu ya keria

Mtanunua dagaa, najua. Wanunue waliokauka vizuri, wanaokatika ukiwavunja, wenye rangi ya fedha, wasio na mchanga. Chota gao moja kutoka chini ya gunia, si la juu ulilopangiwa. Wawekwe kwenye kiroba, kiroba ndani ya kiroba, kisha wafungwe juu ya keria pamoja na dumu la mawese lililokazwa mfuniko na kusimamishwa wima. Muuzaji atakuambia hawanuki, waweke tu chini ya siti. Kilomita 112 za jua, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, na mtoto mmoja anayetapika garini. Juu ya keria.